UZI: Mteja hapangi nyumba, haachi kupiga simu. Tuzungumze usalama wa madalali, hasa akina dada

#1 Bint_Msasani

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wanaoonyesha nyumba, viwanja na fremu za maduka. Wengine pia karibuni, maana huenda una dada au mke anayefanya kazi hii na hujui anapitia nini.

Naanza na Uingereza kwa sababu huko ndiko ilikotokea kesi iliyowaamsha watu wa kazi yetu. Tarehe 28 Julai 1986 Suzy Lamplugh, binti wa miaka 25 aliyekuwa wakala wa nyumba Fulham, London, alitoka ofisini mchana kwenda kumwonyesha mteja nyumba mtaa wa Shorrolds Road. Kwenye shajara ya ofisi aliandika saa, mahali na jina la mteja: Mr Kipper. Hakurudi. Usiku gari lake, Ford Fiesta nyeupe, likakutwa mtaa mwingine, milango haijafungwa, pochi imo ndani. Mwili haujapatikana hadi leo. Mwaka 2002 polisi walimtaja hadharani waliyemshuku, John Cannan, aliyekuwa tayari anatumikia kifungo cha maisha kwa kumuua mwanamke mwingine. Hakuwahi kushtakiwa kwa la Suzy, na alifia gerezani 2024.

Sasa tazameni. Huyu binti hakutoka kimyakimya. Aliandika kila kitu, na ofisi nzima ilijua amekwenda wapi. Lakini hapakuwa na mtu mwenye kazi ya kuuliza "mbona saa nane imepita hajapiga?" Shajara iliwapa polisi pa kuanzia, yeye haikumsaidia. Mpaka leo nikisikia dalali anasema "mimi huwa naaga", namuuliza: umemuaga nani, na huyo akisikia kimya anafanya nini?

Mama yake, Diana, alianzisha mwaka huohuo taasisi yenye jina la binti yake kwa ajili ya usalama wa watu kazini. Taasisi hiyo ndiyo iliyokuja kufungua, mwaka 2010, laini ya simu ya taifa kwa watu wanaoandamwa, yaani wanaofuatwafuatwa na kusumbuliwa na mtu asiyekubali kuwaacha. Sheria inayotaja kumwandama mtu kuwa kosa linalojitegemea ilianza kutumika England na Wales mwaka 2012. Miaka 26 baada ya Suzy kupotea.

Kinachonisukuma kuandika ni hiki. Mtu wa kazi nyingine akiandamwa anaweza kujificha kidogo. Dalali hawezi. Namba yake imebandikwa kwenye kila nguzo ya umeme, anaishi kwa kupokea namba ngeni, na anayepiga ndiye anayepanga saa na mahali. Anayekuandama hana haja ya kukutafuta. Anasema tu "nahitaji chumba, sebule na jiko maeneo ya Tegeta", na wewe unamfuata kwa nauli yako mwenyewe.

Tupeane mbinu. Mods msiuunganishe na ule uzi wa madalali matapeli, hayo ni mambo mawili tofauti.

#2 Kiboko_ya_Fremu

Nimeweka kiti. Mke wangu anauza viwanja Kigamboni.

#3 Dalali_Sugu

Dada, kwa heshima zote, habari za London zibaki London. Bongo dalali hayuko peke yake. Kuna boda aliyekuleta, kuna mama anauza mihogo getini, na mwenye nyumba anachungulia dirishani kuhakikisha hamumzunguki. Mteja akileta ujinga unapandisha sauti, mtaa unatoka wote.

Niko kwenye kazi hii siku nyingi na sijasikia dalali kapotezwa na mteja. Tatizo letu ni wateja wanaorudi kwa mwenye nyumba usiku na kulipana huko, wewe umebaki na vumbi la kiatu. Hilo ndilo lianzishiwe uzi.

#4 Mama_Goba

Sugu, wewe kazi zako ni vyumba vya Sinza na Manzese, mlango kwa mlango. Njoo Goba, Madale, Mabwepande. Nyumba mpya, mwenyewe yuko Muscat, funguo ninazo mimi, jirani wa karibu ni pagala. Boda ukimwambia asubiri anadai hela ya kusubiri, kwa hiyo anaondoka. Mama wa mihogo hapo yuko wapi?

Halafu hakuna aliyezungumzia kutekwa. Mimi nazungumzia mtu anayekuja taratibu.

Nina binti nafanya naye kazi. Mteja alikuja kama wateja wengine, mstaarabu, shati limenyooshwa, anatafuta nyumba ya familia. Kila nyumba ina kasoro. Hii jiko dogo, hii barabara mbovu, ile maji ya chumvi. Na kila mara anataka jioni, "nikitoka ofisini". Familia yenyewe haikuwahi kutokea. Kwangu mimi hiyo ndiyo alama kubwa kuliko zote: mwanamume anatafuta nyumba ya mke na watoto, halafu mke hatumiwi hata picha moja aseme jikoni pamemfaa au la. Nani anahamisha familia hivyo?

Maswali nayo yakaanza kuhama kutoka kwenye nyumba kuja kwa binti. Unakaa wapi. Unaishi na nani. Mbona leo umechelewa kushuka kwenye gari. Tulipoacha kumpeleka akawa anapiga kwa namba nyingine kama mteja mpya, binti anafika anamkuta yuleyule anatabasamu. Baadaye akawa anamsubiri Makumbusho stendi.

Tulijiuliza sana amejuaje ratiba yake. Jibu lilikuwa WhatsApp. Binti alikuwa anaweka video ya nyumba kwenye status akiwa bado ndani ya nyumba: "Hii hapa Tegeta Nyuki, wahi sasa hivi." Kila mwenye namba yake anajua yuko wapi, yuko na nani (hayuko na mtu), na nyumba ni tupu. Siku hizi video inapanda tukishafika mjini, na hatutaji mtaa, tunasema "njia ya Bagamoyo". Aliye na nia ya kupanga atauliza.

#5 Asha_wa_Kodi

Mama Goba umenigusa. Huyo wa kujifanya mteja mpya kwa namba nyingine ninaye na mimi. Mnamtambuaje kabla hujafika?

#6 Mama_Goba

Hela, mdogo wangu. Hela ya kuzungushwa, yaani ya kupelekwa kuona nyumba, iwe elfu kumi au ishirini, inalipwa kabla sijavaa viatu, na inalipwa kwa simu. Sipokei mkononi. Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho, kwa hiyo muamala ukiingia unakuja na jina. Wakati mwingine atatumia laini ya shemeji yake, sawa, lakini hata hapo una jina la mtu wa kuanzia. Anayekataa kulipa kwa simu na kusisitiza "nitakupa tukionana", simwendei.

Ila kisu hiki kina makali pande mbili. Akikutumia kwenye namba yako binafsi, na yeye anaona jina lako kamili. Nenda kachukue lipa namba kwa jina la biashara. Anayelipa anaona jina la biashara, wewe unaona la kwake.

#7 Kiboko_ya_Fremu

Hilo la lipa namba sikuwahi kulifikiria hata siku moja. Nampigia mke wangu sasa hivi.

#8 Asha_wa_Kodi

Swali lingine. Nimblok au nisimblok? Wenzangu wote wanasema blok. Nikimblok ananitafuta kwa namba nyingine, nisipomblok simu inaita mpaka usiku wa manane.

#9 Bint_Msasani

Asha, hapa nina msimamo na najua wengi watanipinga.

Mwambie mara moja tu, kwa maandishi, maneno makavu. "Sitaki mawasiliano na wewe. Usinipigie, usinitumie ujumbe, usinifuate." Usiweke "samahani kaka". Usiseme una mchumba, maana hapo umempa hoja ya kubishania, atasema mchumba hakufai. Usimwambie "kwa sasa nina kazi nyingi", atasubiri kazi ziishe. Baada ya ujumbe huo, kimya. Sio kimya cha siku tatu halafu siku ya nne unapokea umtukane. Ukipokea simu ya arobaini, yeye amejifunza kwamba bei yako ni simu arobaini, na kesho atazilipa.

Kumblok ni uamuzi wako, lakini mimi nashauri usimblok. Zima mlio wa namba yake, ficha picha yako na muda wa mwisho kuonekana, muondoe kwenye wanaoona status, mwache aendelee kuandika ukutani. Kuna sababu mbili. Kwanza, kila anachoandika ni ushahidi dhidi yake. Pili, utajua akibadilika. Mtu aliyekuwa anaandika "nimekumiss" akianza kuandika rangi ya geti la kwenu, huyo si msumbufu tena, na ukiwa umeshamfunga hutajua mpaka umwone getini. Kama kusoma kunakuumiza, mpe simu hiyo dada yako au mwenzako wa kazini awe anasoma kwa niaba yako.

Na uwe na daftari. Tarehe, saa, mahali, alisema nini, nani alimwona. Andika siku hiyohiyo.

#10 Mjukuu_wa_Chifu

Kwani dada zetu hamuwezi kumpa tu kaka yenu namba ya huyo jamaa amkanye kiume?

#11 Mama_Goba

Tulifanya hivyo. Kaka yake alimpigia, wakatukanana nusu saa. Yule mteja akafurahi kwamba sasa anazungumza na familia.

#12 Mwanasheria_wa_Kata

Nimesoma kote. Naongeza upande wa sheria kwa Tanzania.

Kwetu hakuna kosa linaloitwa kumwandama mtu. Ndiyo maana ukifika kituoni ukasema "afande, kuna mtu ananifuatilia", utaulizwa "amekufanya nini?" na utabaki unababaika. Nenda na jibu. Kama ni simu, ujumbe, picha na sauti, taja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23: kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia simanzi. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Akitishia kukudhuru, kuna kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu. Maneno na vitendo vya kingono viko 138D.

Ombeni Dawati la Jinsia na Watoto, msielezee mambo haya kaunta mbele ya foleni. Na msiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako iliyoandikwa kituoni. Malalamiko bila RB ni mazungumzo tu. Akirudia, rudi na RB ileile waongezee. Faili linanenepa hivyo.

Ushahidi: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, nayo ya 2015, inakubali ujumbe wa simu mahakamani, lakini hakimu atapima ulitunzwaje. Picha ya skrini ionyeshe namba na tarehe, isiwe jina ulilomsevu nalo. Nimeona mtu analeta ushahidi umeandikwa "KICHAA WA MBEZI" juu, namba haionekani. Simu yenye ujumbe wenyewe usiiuze, usiifomati.

#13 Ajenti_Ruaka

Salamu kutoka Kiambu. Huku Kenya tunayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, kifungu cha 27. Ukimtumia mtu mawasiliano ya kumtia hofu ya kudhuriwa, faini ni hadi shilingi milioni 20, jela hadi miaka 10. La muhimu ni kwamba unaweza kwenda kortini uombe amri ya kumzuia mapema, bila kungoja kesi iishe. Tena kama anayekuandama ni mume mliyeachana au mpenzi wa zamani, Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inataja kumwandama mtu waziwazi. Tatizo ni kwamba mteja si jamaa yako, hiyo haimgusi. Ukiripoti, dai nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Laini ya bure ya ukatili wa kijinsia ni 1195.

Lakini mnazungumzia wateja tu. Mimi aliyenitoa jasho alikuwa landilodi. Nilimjazia wapangaji ploti yake yote, akaanza kuniita "kuja uone ile nyumba imeachwa". Nafika, mpangaji hajahama. Ama nyumba ni tupu na yeye ndiye ameshika ufunguo, amesimama mlangoni. Mteja unaweza kumwacha. Huyo ana nyumba kumi na mbili ambazo ni mkate wako, na soja wa geti ni mtu wake. Nilichofanya: nikamwandikia kwamba kuanzia sasa nyumba zake zinashughulikiwa na mwenzangu mwanamume, kamisheni ileile. Alikasirika sana. Aliyetaka nyumba zake zijae tu angekasirikia nini?

Na wale mnaosimamia nyumba za kukodi kwa usiku, angalieni sana. Mnakumbuka maandamano ya tarehe 27 Januari 2024, wanawake walijaa barabara za Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Wawili kati ya waliouawa mwezi huo waliuawa ndani ya nyumba za namna hiyo. Jirani hamjui jirani, kila mtu ana begi, kelele zikisikika kila mtu anaongeza sauti ya TV. Ajenti au msafishaji anayeingia humo peke yake kupokea ufunguo yuko mahali palepale.

#14 Dalali_Sugu

Nimesoma yote. La landilodi nalikubali, nawajua wawili wa hivyo hapa hapa Kinondoni na wote ni wazee wa heshima.

#15 Mbongo_Texas

Wadau, nina leseni ya kuuza nyumba huku, nikipata muda napita humu.

Huku kesi inayofundishwa ni ya Beverly Carter, wakala wa Arkansas. Septemba 2014 alikwenda kuonyesha nyumba sehemu inaitwa Scott, karibu na Little Rock. Waliompigia, mume na mke, walijifanya wanahamia eneo lile, wana fedha taslimu. Mumewe alipoona kimya alikwenda mwenyewe kwenye ile nyumba, akakuta gari lake nje. Mwili ulipatikana siku chache baadaye. Mwanamume aliyehukumiwa kifungo cha maisha, alipoulizwa na waandishi wa habari kwa nini yeye, alijibu kwa maana hii: alikuwa mwanamke anayefanya kazi peke yake. Sasa Sugu, hakumchagua kwa sababu anamjua. Alichagua kazi.

Utaratibu wa huku: mteja mpya anakuja kwanza ofisini, anaacha nakala ya kitambulisho. Anayenunua kwa mkopo analeta barua ya benki, na wale waliposema "taslimu" waliiruka hatua hiyo. Ufunguo unakaa kwenye kisanduku mlangoni kinachofunguliwa kwa simu, kinarekodi nani kafungua na saa ngapi. Ndani ya nyumba mteja anatangulia, wewe unabaki upande wa mlango. Unasema "chumba kikubwa kiko kulia", humwongozi. Gari unaegesha barabarani, usizibiwe ndani ya geti. Septemba yote chama chetu cha taifa kimeifanya mwezi wa usalama wa mawakala.

Kumtanguliza mteja hakuhitaji dola wala teknolojia, mnaweza kuanza kesho asubuhi.

#16 Asha_wa_Kodi

Kumtanguliza mteja kwa Kiswahili chetu kutaonekana dharau, lakini nitasema "karibu, tangulia mgeni". Imeisha hiyo.

#17 Kiboko_ya_Fremu

Mke wangu anauliza, ile ya kumtumia mtu mahali ulipo kwenye WhatsApp inafanya kazi kweli?

#18 Bint_Msasani

Inafanya kazi, unachagua idumu dakika 15, saa moja au masaa manane, lakini inategemea bando na chaji, na Kigamboni kuna sehemu mtandao unakwenda na kurudi. Usiifanye nguzo pekee. Cha maana zaidi ni yule anayeipokea. Mkubaliane: "Nikifika nakupigia, nikitoka nakupigia. Saa tano na nusu ikipita hujasikia, piga. Nisipopokea mara mbili, mpigie mwenyekiti wa mtaa wa kule, kisha 112." Namba ya mwenyekiti anayo kabla hujaondoka. Mwenyekiti akijua kwamba leo saa nne kuna dalali na mteja kwenye nyumba ya fulani, mteja naye anajua kwamba anajulikana. Mimi huwa naipiga simu hiyo mbele ya mteja, kwa sauti: "Mwenyekiti, nimefika na mgeni wetu, anaitwa fulani." Waliokuja kupanga hawajali hata kidogo, wengine wanafurahi kujulikana mapema.

Na mkubaliane neno. Langu siwaambii, ila liwe sentensi ya kazi ya kawaida kama kuulizia risiti ambayo haipo. Mwenzako akiisikia anajua.

#19 Dalali_Sugu

Naomba niongee kama mtu wa kazi. Watu wanasema twendeni wawili wawili, halafu kila mtu ananyamaza kuhusu hela. Kamisheni ni kodi ya mwezi mmoja. Wawili wakienda inagawanywa, ndiyo maana dada zetu wanakwenda peke yao. Sio kwamba hawaogopi.

Lakini kugawana tumeshazoea. Nyumba moja ya Mikocheni inaweza kupita kwa madalali watatu, anayeleta mteja, anayeijua nyumba na aliyewakutanisha, na wote wanakula. Sasa kwa nini tusiwe na wa nne ambaye kazi yake ni kusimama getini? Nyumba za mbali, zenye funguo mkononi, mteja mgeni: robo ya kamisheni kwa anayesindikiza. Akirudi mara ya pili na mkewe, nenda peke yako.

#20 Mama_Goba

Robo! Na dili likifa analipwa nini, vumbi la kiatu?

#21 Dalali_Sugu

Nauli na chai. Mama Goba usinibane mbele za watu.

#22 Asha_wa_Kodi

Swali la mwisho wakuu. Namba yangu iko kwenye matangazo ya miaka mingi, nguzo zote za Mwenge. Nikibadili nakosa wateja.

#23 Ajenti_Ruaka

Usiibadilishe dada. Ifanye iwe ya kazi tu, iweke kwenye simu ya bei ndogo, na iwe inapokewa na watu zaidi ya mmoja. Leo wewe, kesho mwenzako mwanamume. Jamaa akipiga asikie sauti ya mzee. Nambari mpya wape mama yako, watoto na benki. Kumbuka kuhamisha M-Pesa, maana nambari ya zamani ikibaki na jina lako kamili hujafanya kitu.

#24 Mama_Goba

Mrejesho kuhusu binti wangu: tulikwenda Dawati, tulisikilizwa vizuri kuliko nilivyotarajia, RB tunayo. Wamemwita, akasema yeye ni mteja halali na anatafuta nyumba ya familia. Afande akamuuliza mke anasemaje kuhusu jiko. Akanyamaza. Tumeambiwa turudi Jumatatu na simu yenye ujumbe.

Wakati huohuo kazi haisimami. Sugu, nina mteja mpya kesho saa nne, nyumba ya Madale, hela ya kuzungushwa ameshalipa na jina limekuja. Robo yako ipo. Njoo PM nikupe ramani, na usichelewe.

#25 Dalali_Sugu

Nakuja. Ila boda unalipa wewe.